Kibali cha kujenga mtoni Dar es Salaam: mwongozo kamili, kuanzia vipimo vya maji hadi cheti

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine ni hili: "Tumeomba kibali cha kalavati kwenye mto wa mtaani kwetu, faili limerudishwa, tufanyeje?" Ukilifungua faili lenyewe, kasoro ni ileile. Mchoro upo, makadirio ya fundi yapo, barua ya mtaa ipo na muhuri wake. Maji ndiyo hayamo. Hakuna palipoandikwa mto uko katika hali gani leo, masika unajaa hadi wapi, wala nani anayatumia maji hayo huko unakoelekea. Ofisi zinazotoa vibali vya mto kazi yake ni kulinda maji, na faili lisilosema lolote kuhusu maji halipiti hata mchoro ungekuwa mzuri namna gani.

Mwongozo huu ni wa kazi za kiasi: kalavati, kivuko cha waenda kwa miguu, ukuta wa gabioni (masanduku ya waya yaliyojazwa mawe) wa kuzuia kingo zisimomonyoke, kusafisha mkondo uliojaa tope, bwawa dogo la samaki, au karakana na sehemu ya kuoshea magari inayotoa majitaka. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kikundi cha wakazi kinachotaka kuweka kalavati na ukuta wa gabioni kwenye kijito kinachoingia Mto Msimbazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda ofisi yoyote

- Hati, ofa, leseni ya makazi au uthibitisho mwingine wa umiliki wa eneo. Kama eneo ni la umma, barua ya halmashauri inayowaruhusu kuliendeleza.
- Mchoro wa eneo wenye majira-nukta (namba za GPS zinazoonyesha mahali), uliofanywa na mpimaji aliyesajiliwa.
- Picha za mto katika hali mbili: kiangazi na baada ya mvua kubwa. Ziwe na tarehe.
- Muhtasari wa kikao cha wakazi pamoja na orodha ya mahudhurio yenye saini.
- Maelezo ya mradi ya kurasa mbili au tatu: mnajenga nini, kwa vifaa gani, kwa muda gani, na kwa fedha ya nani.
- TIN ya mwombaji. Kama ni kikundi, cheti cha usajili wa kikundi na katiba yake.
- Ripoti ya maabara ya vipimo vya maji. Hii ina hatua yake peke yake hapa chini.
- Bajeti ya ada. Ada hubadilika, kwa hiyo omba ankara kwa kila ofisi, ulipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Fedha ya mkononi bila namba hiyo haitaonekana kwenye mfumo, na faili litaendelea kusoma kwamba hamjalipa.

## Hatua ya 1: Pima mita 60

Kabla ya kumlipa mhandisi, jua mstari wa mita 60 unapita wapi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye fukwe za bahari na maziwa, kingo za mito na mabwawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 7, inaiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto katika fungu la ardhi hatarishi, pamoja na mikoko na ardhi oevu.

Wengi hukosea mahali pa kuanzia kupima. Wanasimama kwenye ukingo wa maji waliyoyakuta siku hiyo ya kiangazi, mto umejikunyata katikati ya mchanga, wanavuta futi kamba kutoka hapo. Mito ya Dar es Salaam hupanuka sana mvua ikinyesha, na mingine huhama kabisa. Tafuta alama za maji ya juu: mifuko ya plastiki na nyasi zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye kuta za nyumba za jirani, mizizi iliyoachwa wazi. Waulize wenyeji waliokaa hapo tangu zamani maji yalifika wapi. Mpimaji aweke alama hizo kwenye mchoro, na mstari wa mita 60 uonekane pande zote mbili za mto.

Mstari huo unaugawa mradi wako sehemu mbili. Kazi ambayo haiwezi kufanyika mahali pengine, kama kivuko, kalavati au kuimarisha kingo, ina njia ya kuombewa kibali. Kazi inayoweza kuhamishwa, kama nyumba, karakana, fremu za biashara au choo, isogezeni nje ya mstari. Msitafute njia ya kuibakiza.

Onyo. Ukuta unaojengwa ili kuongeza kiwanja kwa kusogeza ukingo ndani ya mto haupewi kibali kwa jina la "kuzuia mmomonyoko". Wakaguzi hulinganisha na picha za satelaiti za miaka iliyopita. Kila mita unayoipora mtoni unamsukumia jirani wa ng'ambo maji yake, na masika yakija nyumba yake ndiyo inayobomoka.

Umefanikiwa ukiwa na mchoro mmoja unaoonyesha mkondo wa kiangazi, alama ya maji ya juu, mstari wa mita 60 pande zote mbili, na mahali kazi itakapofanyika.

Kama mpo ndani ya bonde la Msimbazi, ongezeni jambo moja: ulizeni TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kama eneo lenu limo ndani ya mipaka ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Hakuna maana ya kuombea kibali cha kalavati mahali ambapo mradi mkubwa unakuja kubadilisha mkondo wote.

## Hatua ya 2: Kikao cha mtaa, pande zote mbili za mto

Mwombeni mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao. Kama mto ndio mpaka wa mitaa miwili, wenyeviti wote wawili wahusike. Waiteni pia watu wa chini ya mto hata kama si wa mtaa wenu: wenye bustani za mchicha, wanaofua, mafundi gereji, walioko karibu na mdomo wa mtaro.

Sababu ni ya kisheria na ya kibinadamu pia. Tathmini ya mazingira inadai ushahidi kwamba wanaoguswa na mradi wamesikilizwa. Anayemwagilia mchicha hapo chini ndiye atakayepokea tope la ujenzi wenu, na akilalamika baada ya kazi kuanza, kazi inaweza kusimamishwa. Akilalamika kwenye kikao, mhandisi anabadilisha mchoro na gharama inaishia kwenye karatasi.

Muhtasari uandike pingamizi zote, hata zile zisizowapendeza, na majibu mliyotoa. Muhtasari unaosema "wajumbe wote walikubali kwa kauli moja" huwatia shaka wasomaji wa faili. Mtendaji wa kata apitishe na kugonga muhuri.

Onyo. Barua ya serikali ya mtaa si kibali cha kujenga mtoni. Ni utambulisho na ushahidi wa ushirikishwaji, basi. Kazi nyingi zinazosimamishwa zilianza kwa sababu mtu alidhani muhuri wa mtaa unatosha.

## Hatua ya 3: Bodi ya Maji ya Bonde, kabla ya mhandisi

Tanzania ina mabonde 9 ya maji, na kila bonde lina bodi yake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Mito ya Dar es Salaam, yaani Mpiji, Msimbazi, Kizinga, Mzinga na vijito vyake, imo katika Bonde la Wami/Ruvu. Makao makuu ya bodi hiyo yako Morogoro, na ina ofisi Dar es Salaam.

Nendeni na mchoro wa hatua ya 1 na maelezo ya mradi, mwombe mambo mawili. La kwanza, ofisa afike eneo la mradi. La pili, awaambie kwa maandishi ni kibali gani kinahitajika, kwa sababu vibali vya maji ni vingi na watu huomba kisichowahusu. Kuchepusha au kuvuta maji, kwa mfano kujaza bwawa la samaki, kuna kibali cha kutumia maji. Kumwaga majitaka, hata yawe yamesafishwa, kuna kibali chake. Kisima nacho kina cha kwake. Kazi inayogusa mkondo wenyewe, kama kalavati yetu ya mfano, inahitaji ridhaa ya bodi na masharti yake kabla ya ofisi nyingine kusonga mbele.

Wengi huanzia manispaa kwa kuwa ndiyo ofisi wanayoijua, mhandisi anachora, kisha bodi ya bonde inasema mdomo wa kalavati ni mdogo au mkondo hauruhusiwi kunyooshwa. Mchoro unarudi mwanzo na fedha ya mhandisi imekwenda. Sikilizeni maji kwanza, ndipo mchore.

Umefanikiwa ukiwa na barua au fomu ya bodi inayotaja aina ya kibali, na orodha ya vipimo vya maji wanavyovitaka. Orodha hiyo ndiyo mtakayokwenda nayo maabara.

## Hatua ya 4: Vipimo vya ubora wa maji

Hapa ndipo faili nyingi hufa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ondoeni kwanza dhana kwamba kuna karatasi moja inayoitwa cheti cha ubora wa maji ya mto, mnayoinunua na kuibandika kwenye faili. Mnachopata ni ripoti ya maabara. Ripoti hiyo inaingia kwenye tathmini ya mazingira kama picha ya hali ya mto kabla ya mradi, na kwa wanaomwaga majitaka inaingia pia kwenye ombi la kibali cha kumwaga. Bila picha ya kabla, siku mto ukikutwa mchafu hamna namna ya kuonyesha kwamba uchafu mliukuta.

Semeni mnapima nini. Mtu anafika dirishani anasema "nataka kupima maji," anapimiwa kama maji ya kunywa kwa kiwango cha Tanzania chenye namba TZS 789. Ripoti inatoka nzuri, ina muhuri, na haina kazi. Semeni hivi: "Tunaomba vipimo vya maji ya mto kwa ajili ya tathmini ya mazingira," kisha toeni orodha ya bodi. Kama ni majitaka ya karakana au kiwanda, tajeni kiwango cha TZS 860. Viwango vyake mnavyopaswa kuvijua kwa kichwa ni hivi: BOD ya siku 5 isizidi miligramu 30 kwa lita, COD isizidi 60, chembe zinazoelea majini zisizidi 100, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 6.5 na 8.5. BOD na COD hupima ni oksijeni kiasi gani uchafu utaila. Zikiwa juu, samaki na viumbe wa mtoni hukosa hewa.

Kwa ujenzi kama kalavati yetu, vipimo vyenye maana zaidi ni ukungu wa maji, chembe zinazoelea, oksijeni iliyoyeyuka, pH, uwezo wa maji kupitisha umeme, BOD, bakteria wa kinyesi, na mafuta. Madini mazito ongezeni kama juu yenu kuna gereji, wachomeleaji au viwanda.

Chagueni vituo vitatu angalau. Kimoja juu ya eneo la mradi ambako kazi yenu haitafika, kimoja penye mradi, kimoja chini yake baada ya maji kuchanganyika vizuri. Kama kati ya vituo hivyo kuna mtaro unaoingia, chukueni sampuli juu na chini ya mtaro huo pia, msije mkabeba lawama ya mtaro wa watu. Majira-nukta ya kila kituo yaandikwe, kwa sababu baada ya ujenzi mtarudi palepale.

Angalieni bahari. Sehemu za chini za Msimbazi kuelekea Salenda, na midomo ya mito ya Kunduchi, Mbweni na Mtoni, huingiwa na maji ya bahari. Sampuli iliyochukuliwa bamvua wakati maji yanajaa itaonyesha chumvi ya bahari, wala haitasema kitu kuhusu mto. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa kiasi cha mikrosiemensi 50,000 hivi kwa sentimita, wakati mto wa maji baridi huwa chini sana ya hapo, kwa hiyo kosa hilo huonekana mara moja. Chukueni wakati wa maji kupwa, na muandike saa na hali ya maji kwenye fomu.

Namna ya kuchota. Ni vizuri zaidi mtaalamu wa maabara achote mwenyewe, maana ripoti inayosema "sampuli imeletwa na mteja" ina uzito mdogo. Hata hivyo simameni naye mjue kinachofanyika. Anaingia akiwa na glavu na buti, kwa ajili ya kichocho na vioo. Anasimama akitazama maji yanakotoka, ili tope analolitibua lipite nyuma yake. Chupa inazamishwa kiasi cha sentimita 20 hadi 30 chini ya uso wa maji, mdomo ukielekea mkondo unakotoka. Chupa za vipimo vya kawaida husuuzwa kwanza kwa maji ya mto wenyewe. Chupa ya bakteria haisuuzwi kamwe, kwa kuwa imetakaswa, na huachwa nafasi kidogo ya hewa juu. Chupa ya BOD hujazwa hadi mdomoni, isibaki hata povu. Sampuli ya mafuta huwekwa kwenye chupa ya kioo, kwa sababu mafuta hugandia plastiki. Halijoto, pH na oksijeni hupimwa palepale mtoni, kwani hubadilika njiani.

Kila chupa iandikwe kituo, tarehe, saa na jina la aliyechota, kwa kalamu isiyofutika na maji. Zote ziingie kwenye deli lenye barafu, mbali na jua. Sampuli ya bakteria ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na isipite saa 24. Foleni ya Ubungo mnaijua, kwa hiyo chukueni sampuli asubuhi sana, na msichukue Ijumaa mchana. Mwishoni kuna fomu ya makabidhiano ya sampuli: nani ametoa, nani amepokea, saa ngapi. Hifadhini nakala. Fomu hiyo huwaokoa siku mtu akitilia shaka majibu.

Wapi pa kupima. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Ubungo. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima majitaka na kemikali, na Chuo Kikuu Ardhi kina maabara inayofanya vipimo vya mazingira. Kabla ya kulipa, ulizeni kama maabara inakubalika na ofisi inayosubiri ripoti.

Muda. BOD ya siku 5 inachukua siku 5 kweli. Anayewaahidi ripoti kamili kesho yake anawauzia karatasi.

Msimu. Kama ratiba inaruhusu, pimeni kiangazi na mpime tena wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Kiangazi uchafu huonekana mzito kwa sababu maji ni kidogo, na masika tope ndilo hupanda. Seti moja hupita kwa miradi midogo, lakini mbili hufunga maswali mengi.

Umefanikiwa ukiwa na ripoti yenye jina la mradi, majira-nukta ya vituo, tarehe na saa, njia ya kipimo iliyotumika, kiwango kilicholinganishwa, saini na muhuri. Kama kituo cha juu kimeonekana kichafu kuliko kiwango, msiogope wala msibadilishe kituo. Mito yetu mingi iko hivyo, na kusema kweli hapo ndiko kunakowalinda.

## Hatua ya 5: Sasa mwiteni mhandisi

Mpeni mchoro, barua ya bodi, picha za masika na ripoti ya maji. Mwambieni mambo mawili ambayo ofisi zitayauliza.

La kwanza ni taka. Mito ya jiji hili hubeba chupa, magodoro na matawi. Kalavati ya mabomba madogo mengi huziba mvua ya kwanza na kufanya bwawa juu yake. Mdomo mmoja mpana wa mraba ni ghali zaidi lakini maji hupita. Iwekwe pia njia ya kufikia mdomo huo kwa ajili ya kusafisha, na iandikwe nani atasafisha.

La pili ni tope wakati wa ujenzi. Mchoro uonyeshe maji yatachepushwa vipi kwa mifuko ya mchanga, udongo uliochimbwa utawekwa wapi nje ya alama ya maji ya juu, na zege litachanganywa wapi. Maji ya saruji ni makali na yakiingia mtoni hupandisha pH na kuua viumbe. Kazi ya mkondoni ipangwe Juni hadi Septemba, kabla ya vuli.

Gabioni ziwe na kitambaa cha kuchuja nyuma yake, na msingi uende chini ya kina ambacho mto huchimba. Mawe yanunuliwe. Kuchota mchanga au mawe mtoni humo humo ni shughuli nyingine yenye vibali vyake, na wanaoianza kwa kisingizio cha kusafisha mkondo huishia mikononi mwa sheria.

## Hatua ya 6: NEMC na Tathmini ya Athari kwa Mazingira

Mradi husajiliwa kwenye mfumo wa mtandao wa NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kwa mujibu wa kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018, miradi imegawanywa katika makundi: A, ambayo ni lazima tathmini kamili; B1, ambayo huamuliwa baada ya uchunguzi wa awali; B2, ambayo kwa kawaida andiko la mradi hutosha; na kundi maalumu. NEMC ndiyo inayoamua kundi. Msimwamini anayewahakikishia B2 kabla ya usajili, hasa kama eneo lenu lina mikoko au ardhi oevu, kwa kuwa mahali mradi ulipo huweza kuupandisha kundi hata ukiwa mdogo.

Kazi ya tathmini hufanywa na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Ombeni namba yake ya usajili, muihakiki NEMC kwamba ni hai. Faili lililosainiwa na mtaalamu ambaye usajili wake umeisha hurudishwa bila kusomwa.

Mkabidhini kila kitu mlichokusanya. Mtaalamu mzuri atakuja mtoni, atazungumza na watu wale wale wa kikao chenu, ataandika hadidu za rejea, na baadaye ripoti yenye mpango wa usimamizi wa mazingira. Usomeni mpango huo neno kwa neno kabla hamjasaini. Kila ahadi iliyomo mtadaiwa. Nimeona mpango wa kalavati ya mtaa ukiahidi kupima maji kila wiki kwa miaka mitatu, kwa kuwa ulinakiliwa kutoka mradi wa kiwanda. Kikundi cha wakazi hakiwezi kutimiza hilo, na kutotimiza ni kosa.

Wakaguzi wakija eneo la mradi, awepo mhandisi, mtaalamu na mtu wa mtaa. Maoni yao yatarudi kama orodha ya masahihisho. Jibuni kila hoja kwa namba yake, mkitaja ukurasa mliporekebisha. Majibu ya jumla ya "maoni yamezingatiwa" hurudisha ripoti kwa mzunguko mwingine.

Onyo. Msilete hata lori moja la mawe ukingoni wakati faili liko njiani. Vifaa vilivyokwisha kumwagwa huhesabiwa kuwa kazi imeanza, na mjadala unageuka kutoka kibali kuwa faini.

## Hatua ya 7: Manispaa, TARURA na wenye mikoko

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri yenu: Jiji la Dar es Salaam kwa upande wa Ilala, au manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kama kalavati inabeba barabara ya mtaa au inapokea mtaro wa barabara, TARURA wahusike. Barabara kuu ni ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania.

Mikoko yote ni msitu uliohifadhiwa, na inasimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kukata hata mche mmoja bila kibali chao ni kosa, kiwanja kiwe na hati au kisiwe nayo. Kama mradi unagusa mikoko ya Mbweni, Kunduchi, Salenda au Kigamboni, TFS wawepo tangu hatua ya 3. Wanaowaacha hadi mwisho hupoteza kila kitu walichokwisha kulipa.

## Hatua ya 8: Cheti kikitoka

Cheti cha mazingira cha NEMC msikifungie kabatini. Nyuma ya cheti kuna masharti, na masharti ndiyo kibali chenyewe. Tengenezeni jedwali la ukurasa mmoja: sharti, nani anawajibika, lini, na ushahidi gani utabaki. Nakala moja apewe fundi mkuu kwa Kiswahili chepesi, nyingine ibandikwe eneo la kazi ambako wakazi wataiona na kuuliza.

Angalieni majina. Kama cheti kimetoka kwa jina la mwenyekiti binafsi badala ya kikundi, kirekebishwe sasa. Mwenyekiti akiondoka, kibali kitabaki kwake.

## Hatua ya 9: Wakati wa kazi na baada yake

Piga picha kila jioni ukiwa umesimama mahali palepale: juu ya mradi na chini yake. Maji ya chini yakionekana mazito kuliko ya juu, simamisheni uchimbaji, muongeze mifuko ya mchanga, msubiri yatulie. Wekeni kitabu cha malalamiko kwa mtendaji.

Kazi ikiisha, ondoeni machepusho yote na vifusi, mpande nyasi kwenye kingo zilizo wazi, kisha mchukue sampuli kwenye vituo vilevile vya hatua ya 4, kwa maabara ileile na vipimo vilevile. Linganisheni kituo cha juu na cha chini. Tofauti ikiwa ndogo kama ilivyokuwa kabla ya mradi, ambatisheni ripoti zote mbili kwenye taarifa yenu kwa NEMC na bodi ya bonde.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, nendeni kalavatini na mhandisi kabla maji hayajapungua. Tazameni kama maji yanapita bila kurudi nyuma, kama gabioni zimesogea, na kama ukingo wa jirani wa chini umeanza kuliwa. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo linaloleta kesi. Likionekana, mwambieni jirani na mtoe taarifa bodi ya bonde wiki hiyohiyo, mkiwa na picha mkononi.